Treni ya Mjini na Hesabu ya Msafiri wa Mkata

Msafiri anayepandia basi Mkata kwenda Dar es Salaam hukata tiketi moja, lakini husafiri safari mbili. Ya kwanza ni ya barabara kuu: Mbwewe, Mandera, Msata, Lugoba, Chalinze, Kibaha, lami mwanzo mwisho, dereva akipunguza mwendo kwa ajili ya trafiki na matuta tu. Ya pili huanza akishashuka stendi ya Magufuli, Mbezi, iliyofunguliwa Februari 2021. Hapo ana begi begani na kiroba cha machungwa miguuni, na bado hajafika Buguruni, Kariakoo wala Tandika. Kwa kilomita, safari hii ya pili ni fupi kuliko ya kwanza. Kwa jasho na kwa muda, aulizwe aliyeifanya siku ya mvua.

Swali la makala haya linahusu hiyo safari ya pili. Jiji la Dar es Salaam, lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, liirudie treni ya mjini kwa dhati, au likubali kwamba mabasi yanatosha? Wapo pia wanaotamani tramu, yaani treni nyepesi ya umeme inayopita katikati ya barabara. Na mtu wa Handeni asiambiwe kwamba mjadala huu ni wa Wazaramo na wapangaji wao, kwa sababu yeye naye anaulipia. Tangu mwaka 2015 bidhaa nyingi zinazoingia nchini zinatozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo. Kipuri cha bodaboda kilichotoka ng'ambo kikauzwa dukani Mkata kimeshaichangia reli kabla hakijafungwa.

Reli ya mjini si mgeni pwani hii. Sultani Barghash bin Said alijengewa reli nyembamba kutoka mjini Unguja kwenda kwenye kasri lake la Chukwani mwaka 1879. Mabehewa yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha injini ndogo ya mvuke ikaletwa. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilifungua reli ya abiria kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kilomita zipatazo 11, ikipenya vichochoro vya mji kiasi cha kukaribia vibaraza vya watu. Serikali iliinunua mwaka 1911. Magari yalipokuja na barabara ya Bububu ikawa nzuri, abiria wakahama, na kufikia 1922 treni ya abiria ikasimama. Mombasa nako maofisa walikuwa na vitoroli vyao vya kusukumwa na watu juu ya reli, navyo vikaondolewa na motokaa. Kwetu Korogwe reli nyembamba zilikuwa za mkonge: zilibeba majani kutoka shambani hadi kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, huko Magunga na Ngombezi. Zilidumu kwa kuwa shamba lilikuwa na fundi wake, karakana yake na sababu ya kutaka mzigo ufike leo, siyo kesho.

Hilo la shamba la mkonge nitalirudia, maana naona ndilo lililokosekana Dar es Salaam.

Tarehe 29 Oktoba 2012 treni ya abiria ya mjini ilianza Dar kwa pande mbili. Kampuni ya reli ya wakati huo, TRL, ilitoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa kupitia Kamata, Buguruni na Tabata. TAZARA nayo ilitoka kwenye stesheni yake kuelekea Mwakanga. Waziri wa Uchukuzi alikuwa Harrison Mwakyembe, na watu wakaiita treni ya Mwakyembe hadi leo, heshima ambayo mawaziri wachache wameipata na ambayo pia ina sumu ndani yake, kwa sababu kitu kinachoitwa kwa jina la waziri huwa na umri wa waziri. Nauli ya upande wa TRL ilikuwa Sh400. Watu walijaa milangoni. Mwaka 2016 ikaongezwa treni ya Pugu. Kwa hiyo anayesema Watanzania hawapandi treni anasema asilolijua. Abiria walikuwepo tangu asubuhi ya kwanza.

Tatizo lilikuwa chini ya abiria, kwenye vyuma. Reli ya TRL ina upana wa milimita 1,000, ile iliyorithiwa kwa Wajerumani. Ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina miaka ya sabini ili iungane na Zambia, ina milimita 1,067. Reli ya kisasa, SGR, ina 1,435. Jiji moja lina mifumo mitatu ya reli isiyoweza kupeana hata behewa. Tofauti ya milimita 67 kati ya mbili za kwanza ni upana wa vidole vichache, lakini inatosha kuwafanya watu wa Yombo na watu wa Tabata waishi kana kwamba wako nchi mbili. Kichwa cha treni kikiharibika upande mmoja, upande wa pili hauwezi kuazimisha.

Kisha kuna njia yenyewe. Kwa sehemu kubwa ni njia moja, treni ikienda haiwezi kurudi nyingine mpaka zipishane kituoni. Njia hiyo hiyo ilibeba mizigo na treni za bara, na kichwa kilichotakiwa kuvuta mabehewa ya abiria wa Tabata asubuhi ndicho kilichotakiwa kuvuta mzigo wa Kigoma. Kampuni yenyewe ilikuwa imetoka tu kuachana na wawekezaji wa RITES wa India mwaka 2011, na hali yake ilikuwa ya mgonjwa anayetakiwa kumbeba mwenzake. Ongeza makutano ya reli na barabara pale Kamata na Buguruni, ambako kila treni ikipita foleni ya magari inarefuka na madereva wanalaani. Ongeza ujenzi wa SGR ulioanza mwaka 2017 ukitaka nafasi katika hifadhi ile ile ya reli. Matokeo yake yakawa treni ya asubuhi na jioni tu. Ukiikosa ya asubuhi, umebaki na daladala. Na mtu akishajua kwamba akichelewa dakika tano atapanda daladala hata hivyo, mwishowe hupanda daladala tangu mwanzo.

Inafaa kuilinganisha Dar na miji iliyoanza nayo bega kwa bega. Wiki mbili baada ya treni ya Mwakyembe, tarehe 13 Novemba 2012, Rais Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau nje ya Nairobi. Mwezi uliofuata, Desemba, Casablanca huko Moroko ilizindua tramu yake ya kilomita zipatazo 31. Miji mitatu ya Afrika ilianza ndani ya robo moja ya mwaka. Casablanca leo ina njia nne za tramu. Nairobi imekwenda kwa kusuasua, lakini imekwenda: ilinunua treni za mtumba kutoka Hispania, na abiria wa SGR wakishuka Syokimau hukuta treni ya kuwaingiza katikati ya jiji. Dar ilianza wa kwanza kati ya watatu.

Casablanca haikuwashinda wenzake kwa fedha peke yake, ingawa fedha ilikuwepo. Tramu ni mali ya kampuni ya jiji, mwendeshaji ameajiriwa kwa mkataba, na asipotimiza ratiba anajua atakayemdai. Huyo ndiye mwenye shamba la mkonge nililolisema. Kwa treni ya Mwakyembe, abiria wa Buguruni angemdai nani? TRL ilimilikiwa na serikali, njia ilikuwa ya RAHCO, kampuni iliyomiliki miundombinu ya reli, nauli ilipangwa na SUMATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri, vituo vilikuwa katika ardhi ambayo halmashauri nayo ilikuwa na neno juu yake. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha TRL na RAHCO kuwa Shirika la Reli Tanzania, TRC, hatua nzuri, lakini TRC ni shirika la nchi nzima. Hupimwa kwa mzigo wa Kigoma na Mwanza, na sasa kwa SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata. Treni ya Pugu haiwezi kuwa mtoto wake wa kwanza.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito, na sitaki kuzipita haraka.

Hoja ya kwanza ni mwendokasi. Mabasi hayo yalianza kazi Mei 2016 katika njia ya kilomita 20.9 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, na mtandao umekuwa ukipanuliwa kuelekea Mbagala na Gongo la Mboto. Kwa nini tujenge cha pili wakati cha kwanza hakijakaa sawa? Ni kweli hakijakaa sawa. Awamu ya kwanza ilianza na mabasi 140 pekee, karakana ya Jangwani ikawa inajaa maji kila masika, na foleni ya Kimara asubuhi imekuwa kichekesho cha wachora katuni. Lakini tuusome vizuri ugonjwa wa mwendokasi. Zege lipo, njia ya peke yake ipo, vituo vipo. Kinachopungua ni magari na vipuri. Ndiyo maradhi yale yale ya treni. Basi kusema mabasi yatashinda pale reli iliposhindwa ni kumpeleka mgonjwa hospitali nyingine yenye daktari yule yule. Na kuna jambo la haki hapa: njia ya mwendokasi ilijengwa kwa fedha za serikali na mkopo wa Benki ya Dunia, mwendeshaji hakudaiwa zege. Treni ya mjini ilitazamiwa ijikimu na mataruma yake yenyewe.

Hoja ya pili inatoka kwetu, na mimi nimeisikia kwa sauti ya juu zaidi Handeni kuliko Dar: kwa nini mkulima wa mahindi wa Kabuku alipie nauli nafuu ya karani wa Tabata? Jibu la kwamba nchi ni moja halinitoshi. Kilomita 54 za lami kati ya Mkata na Handeni mjini, na 65 kati ya Handeni na Korogwe, tulizisubiri miaka mingi sana, na hakuna aliyetuambia wakati huo kwamba nchi ni moja. Kwa hiyo nakubali sehemu ya hoja. Gharama ya kila siku ya treni ya jiji, yaani mafuta, mishahara, vipuri, ibebwe na jiji lenyewe kupitia nauli na mapato yake, kama maegesho ya magari na kodi ya majengo yanayopanda thamani kando ya stesheni. Ushuru wa reli wa taifa ubaki kwenye njia, ambayo ni mali ya wote na ambayo mzigo wetu nao unapita. Pale machungwa ya Handeni na Muheza yanaposhushwa Buguruni, mwenye mzigo anashiriki foleni ile ile ya karani wa Tabata. Kila mtu anayehama barabara kwenda reli anamwachia nafasi.

Tramu je? Addis Ababa ilifungua yake Septemba 2015 kwa gharama ya dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ilikuwa na treni 41 na njia mbili za jumla ya kilomita zipatazo 34. Ilikuwa fahari ya bara zima. Baada ya miaka michache, chini ya nusu ya treni hizo ndizo zilizokuwa zikitembea. Magurudumu yalikwisha, vipuri vilitakiwa kununuliwa kwa dola, na dola Ethiopia hazikuwepo. Mimi sioni Dar ikikwepa njia hiyo kwa sasa. Barabara ambazo tramu ingezihitaji zimeshachukuliwa na mwendokasi, na anayeshindwa kununua vipuri vya basi atashindwa zaidi vya tramu.

Ninachokiona kinawezekana ni kidogo na hakina utepe wa kukata. Ni Pugu. Pale kuna reli ya zamani ya kwenda Stesheni, na kuna stesheni ya SGR. Treni ya Arusha, ile iliyorudi Moshi Desemba 2019 na kufika Arusha Oktoba 2020 baada ya kimya cha miaka mingi, hutoka Korogwe ikapita reli ya kiungo iliyojengwa mwaka 1963 hadi Ruvu, kisha huja Dar kwa kupitia Pugu hiyo hiyo. Kama treni ya Pugu ingekwenda kutwa nzima, kila nusu saa kwa mfano, na tiketi yake ikakubalika kwenye mwendokasi wa Gongo la Mboto na Gerezani, msafiri wa Korogwe au wa Morogoro angeshuka pale na kuchagua aingilie jiji upande gani. Syokimau wamefanya hivyo kwa mabehewa ya mtumba. Hakuna sayansi mpya inayotakiwa, isipokuwa njia ya pili ya kupishania katika vituo vichache, madaraja mawili matatu ya magari penye makutano mabaya, na vichwa vya treni ambavyo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuvihamishia mzigo wa bara hata akipigiwa simu na mkubwa.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko daraja. Kwa hiyo bajeti ya uchukuzi ikifika bungeni, wabunge wa Handeni na Korogwe wasiulize treni mpya itazinduliwa lini. Waulize vichwa vingapi vimetengwa kwa ajili ya treni ya mjini peke yake, nani ameweka sahihi kwamba ratiba itatimizwa, na nauli inayokusanywa Pugu inaingia kwenye akaunti ya nani.