Mtoto wa jicho: Mzee hahitaji kulazwa usingizi

Msomaji, huenda nyumbani kwenu yupo mzazi asiyeona vyema kwa sababu ya mtoto wa jicho, na kila akitajiwa upasuaji hukataa. Katika Migori na Homa Bay nimewasikia wazee wengi wakitoa sababu moja: "Nikilazwa usingizi na umri huu, sitaamka." Basi hubaki wakiongozwa kwa fimbo na mjukuu ambaye angekuwa shuleni.

Ukweli ni kwamba upasuaji huu aghalabu haufanywi kwa usingizi. Mgonjwa hutiwa ganzi jichoni, akawa macho hadi mwisho. Hata historia ya ganzi ilianzia jichoni: mwaka wa 1884 daktari Karl Koller wa Vienna alionyesha kuwa matone ya kokeini huzuia maumivu ya jicho. Leo hutumiwa dawa salama zaidi, kama vile lignokeini.

Njia ni mbili hasa. Kuna matone, ambayo huondoa maumivu lakini jicho huweza kusogea, kwa hivyo mgonjwa sharti atulie mwenyewe. Kuna pia sindano inayodungwa kando ya jicho, ambayo huondoa maumivu na kulituliza jicho lisicheze. Huuma kidogo tu, kisha basi. Wengi hurudi nyumbani siku iyo hiyo.

Kuna jamaa wanaomwomba daktari ampe mzee dawa nzito ya kumtuliza ili asijue lolote. Wanadhani ni huruma. Mimi sikubaliani nao. Dawa kama midazolamu, kwa kipimo kidogo, humfaa mwenye wasiwasi mwingi. Lakini mwili wa mzee huchelewa kuiondoa. Ikizidi, pumzi hupungua. Au mzee husinzia, kisha hugutuka na kutikisa kichwa wakati ambapo kisu kiko jichoni. Wengine hubaki wamechanganyikiwa, wakaanguka baadaye. Kwa hivyo anayepewa dawa hiyo lazima awe na mhudumu wa kuchunga pumzi yake.

Usingizi kamili una watu wake: wale wasioweza kabisa kutulia, kama mwenye kutetemeka sana au aliyepoteza fahamu za uzeeni kiasi cha kutoelewa anachoambiwa. Naye mwenye kikohozi kikali, au anayekosa pumzi akilala chali, aseme mapema ili atibiwe kwanza.

Kwa maoni yangu, dawa bora ya kutuliza ni maneno. Mzee aelezwe kwa Kijaluo, Kikuria au lugha yoyote aijuayo kwamba uso utafunikwa, atasikia sauti, ataona mwanga, na akitaka kukohoa aseme kwanza. Muuguzi amshike mkono. Haya hayagharimu hata shilingi moja, nazo hospitali zetu na kambi za macho hazina kisingizio cha kutoyafanya.

Nawe msomaji unayo kazi. Mzoeshe mzazi wako kulala chali kwa utulivu kwa nusu saa. Asiache dawa zake za presha au kisukari bila kuambiwa na daktari. Kisha uliza maswali matatu: Atatiwa ganzi ipi? Akipewa dawa ya kumtuliza, nani atachunga pumzi yake? Nani atazungumza naye kwa lugha yake? Ukijibiwa vyema, mpeleke. Gizani amekaa vya kutosha.