Kipaji Hakimtii Mtu Wazimu

Ufukweni hapa Kizuka, Burundi, nilimkuta kijana anayetupigia gitaa harusini ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ndagala zimeanikwa pembeni yake. Gitaa lilikuwa mapajani, lile la mbao alilojichongea mwenyewe, lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Nyuzi zote alikuwa amezikata. Huo ulikuwa usiku wa tano hajalala. Vijana wenzake walimzunguka na simu wakimrekodi, na mzee mmoja akatoa hukumu ninayoisikia tangu utotoni: "Kipaji kimemzidi. Ndivyo walivyo hao." Watu wakatikisa vichwa kukubali, wakarudi kwenye nyavu zao.

Nauchukia usemi huo. Umevaa nguo ya sifa, kumbe unatuondolea wajibu. Ikiwa wazimu ni kodi ya kipaji, nani atahangaika kutafuta daktari? Na mwanamuziki akijiua, tutamzika kwa maneno matamu kwamba dunia ilikuwa ndogo kwake. Wanaosema ameingiwa na jini la ziwa, au ameuza roho kwa Freemason, ni walewale. Wamebadilisha jina tu.

Mtazameni Stromae, ambaye nyimbo zake zinapigwa hadi kwenye baa zetu. Jina lake ni Paul Van Haver, amezaliwa Brussels mwaka 1985, na baba yake Mnyarwanda aliuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka 2015, akiwa kwenye ziara ya Afrika, afya yake ilivunjika, na onyesho la Kigali lililokuwa la Juni likasogezwa hadi Oktoba. Ungedhani umepata mfano kamili wa kipaji kilichomzidi mtu. Baadaye alieleza mwenyewe kilichomvuruga akili: Lariam, vidonge vya meflokini alivyomeza kujikinga na malaria. Alisema asingekuwa ndugu yake aliyekuwa naye, huenda angejiua. Nayo madhara ya meflokini kwa akili si siri. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza litolewe onyo zito kuliko yote. Sisemi watu waache dawa za malaria, la hasha. Nasema kilichokaribia kumuua kilitoka kwenye paketi, hakikutoka kwenye sauti yake.

Tarehe 9 Januari 2022, katika taarifa ya habari ya TF1 huko Ufaransa, mtangazaji alimuuliza kuhusu upweke. Akajibu kwa kuimba "L'enfer", wimbo unaohusu mawazo ya kujiua. Watu wakasema: mnaona, maumivu ndiyo yanayozaa muziki! Lakini wimbo huo ulitoka miaka mingi baada ya kuanguka kwake, alipokwisha kupata nafuu, ana mke na mtoto. Na mwaka 2023 afya ilipomsumbua tena, alisimamisha ziara. Ugonjwa ukija, kazi husimama. Ndivyo ilivyokuwa kwa Robert Schumann wa Ujerumani: mwaka 1840, mwaka aliooa, alitunga nyimbo zaidi ya 100, mwaka 1854 alijaribu kujiua, na miaka miwili aliyoishi hospitalini hadi kufa kwake haikutoa kazi kubwa hata moja.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, karibu robo tatu yao katika nchi maskini na za kipato cha kati. Wengi hawajawahi kushika gitaa. Mvuvi akijiua, hatusemi uvuvi umemzidi.

Yule kijana alizaliwa kambini Tanzania, akarudi na wazazi wake wakakuta shamba la michikichi lina mtu mwingine, kama ilivyowakuta wengi wa Rumonge waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na watoto wao. Usiku anapiga hadi alfajiri, na malipo yake mara nyingi ni chupa. Hayo hatukuyauliza siku ile ufukweni. Mimi pia sikuuliza. Nilisimama pale na wengine.

Aliyeuliza ni dada yake. Alimpandisha gari la Bujumbura, akampeleka kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kile cha Mabruda wa Upendo. Walimpa dawa, wakamrudisha mara kwa mara kumwangalia.

Sasa anapiga tena, na watu wamepata wimbo mwingine: eti dawa zimemzima, zamani alikuwa moto. Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi huku kwetu. Nyuzi zilikuwa mpya. Saa nne usiku aliliweka gitaa kwenye gunia lake, wageni wakapiga kelele aendelee, mmoja akamnyooshea chupa. Aliikataa kwa mkono, akanisogelea.

"Mwalimu, naenda. Nisipomeza saa hizi silali."

Nilimshikia tochi hadi barabarani.