Tusimsingizie Ngiri

Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hiyo ilinijia likizo ya Desemba iliyopita nilipokuwa nyumbani wilayani Manyoni, na ndiyo sababu naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu. Najua wasomaji wengi hawali nguruwe wala hawamfugi, na imani yao naiheshimu. Lakini wapo pia ambao sare na madaftari yao, kama yangu, yamenunuliwa kwa nguruwe wa mama.

Mama alikuwa na nguruwe wanane. Siku moja wawili waliacha kula, wakashikwa na homa kali, masikio na matumbo yao yakawa mekundu. Katika muda wa siku tisa, saba walikuwa wamekufa. Wa nane baba mdogo alimchinja upesi, ingawa alikuwa ameanza kutetemeka, akauza nyama kwa bei rahisi. Wiki mbili baadaye nguruwe wa kitongoji cha pili wakaanza kufa. Mkutano ukaitwa, na wazee wakasema kwa sauti moja kwamba ngiri ndiye aliyeleta maradhi. Vijana wakachukua mbwa na mikuki, wakaingia porini bila kibali, wakaua ngiri jike na watoto wake wawili. Hapana aliyeuliza nyama ya baba mdogo ilikwenda wapi.

Wazee hawakusema uongo mtupu. Maradhi hayo ni homa ya nguruwe ya Afrika. Daktari wa mifugo Eustace Montgomery aliyaeleza mwaka 1921, baada ya kuyaona Kenya yakiua karibu nguruwe wote wa mashamba ya walowezi, naye alimtaja ngiri kuwa mchukuzi wake. Ngiri hulala katika mashimo yaliyochimbwa na mhanga, na mashimoni humo hukaa papasi. Papasi humwuma mtoto wa ngiri na kumtia virusi. Mtoto haugui. Virusi hukaa katika damu yake muda mfupi tu, papasi wengine wakamnyonya, na mzunguko ukaendelea.

Kwa nini ngiri haugui na nguruwe wetu hufa? Jibu limo katika ukoo wao. Nguruwe wa kufugwa si mtoto wa ngiri. Alitokana na nguruwe mwitu wa Asia na Ulaya, ambaye watu walianza kumfuga yapata miaka 9,000 iliyopita. Ngiri ni wa hapa hapa Afrika, bara ambalo jamaa zake wameishi tangu kale sana. Mifupa ya nguruwe wakubwa wa zamani imefukuliwa Olduvai, si mbali sana na mkoa wetu. Ngiri na virusi hivyo wamezoeana kwa vizazi vingi mno. Nguruwe wa mama ni mgeni asiyekuwa na kinga.

Lakini hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Ngiri mkubwa ana virusi vichache mwilini, na si rahisi amwambukize nguruwe kwa kukutana naye tu. Papasi ndiye wa kuogopwa. Maradhi yakisha kuingia kijijini hayahitaji tena ngiri wala papasi. Huenda kwa damu, kinyesi, viatu, ndoo, na hasa kwa nyama, ambamo virusi huweza kukaa kwa miezi.

Tutazame nje ya nchi yetu. Mwaka 1957 homa hii ilifika Lisbon, Ureno, na inaaminika kuwa ilitokana na makombo ya ndege waliyopewa nguruwe karibu na uwanja. Mwaka 2007 ikaingia Georgia, na mwaka 2018 ikafika Uchina na kuteketeza nguruwe wasiohesabika. Je, ngiri alipanda ndege? Binadamu ndiye aliyesafiri na nyama yake.

Basi, maoni yangu ni haya. Kwanza, nguruwe wafungiwe katika banda lenye uzio madhubuti, wasizurure porini walikolala ngiri. Pili, makombo yachemshwe kwa nusu saa kabla ya kuwapa. Tatu, nguruwe akiugua, bwana mifugo aitwe siku ile ile, na aliyekufa azikwe. Maradhi haya hayamdhuru mtu anayekula nyama, na hapana dawa ya kuyatibu. Kwa hiyo mwenye mifugo hushawishika kuchinja na kuuza ili aokoe chochote. Lakini anachookoa yeye ni hasara ya jirani yake.

Nne, nawaomba walimu wetu. Kila jioni wafugaji huja jikoni kwetu na ndoo kuchukua makombo. Makombo yetu ni ugali na maharage, hayana hatari. Hatari ni ndoo, ambazo hutoka katika mabanda mbalimbali na kukutana mlango mmoja. Shule iwe na pipa lake na ndoo zake, mfugaji amiminiwe nje ya lango. Jambo hili halina gharama kubwa, na sisi wa Kidato cha Nne tu tayari kulisimamia kwa zamu.

Namaliza kwa kukiri jambo. Nyama ile ya nguruwe wa nane niliipeleka mimi kwa baiskeli katika kitongoji cha pili. Mkutanoni nilikaa nyuma, nikanyamaza, na ngiri akauawa kwa kosa ambalo huenda lilikuwa letu. Mmoja wa waliopoteza nguruwe ni mama wa rafiki yangu, ambaye mwaka huu hajui atapata wapi nauli ya kurudi shuleni. Sikumwambia wakati ule. Akisoma gazeti hili, atakuwa amejua.