Mzee aulize njia ya msalani mpaka lini?

Makao ya wazee yakitajwa katika baraza zetu za Pwani, mazungumzo hayafiki mbali. Mmoja husema hiyo ni desturi ya Wazungu, mwingine hukumbusha amri ya Mwenyezi Mungu juu ya wazazi, na wa tatu hutikisa kichwa akaagiza kahawa nyingine. Aibu hiyo ina haki yake. Lakini imetufanya tusilitazame jambo lililo mbele ya macho yetu, kwamba wazee wengi tayari wamo katika nyumba zisizojengwa kwa ajili yao, yawe ni makao ya hisani, wodi ya hospitali, au fleti ya mtoto wao iliyo ghorofa ya nne.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya waliotimiza miaka 60 na zaidi walikuwa kiasi cha milioni 2.7. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali. Maneno ni mazuri. Ila heshima ya mzee mara nyingi haipotei kwa kutukanwa. Hupotea usiku wa manane, pale atokapo kitandani kutafuta choo, akakuta milango minane ya rangi moja, akafungua wa kwanza, akafungua wa pili, na wa tatu asiuwahi. Asubuhi husemwa kwamba mzee amerudi utotoni. Kumbe huenda mwenye kosa ni aliyechagua rangi ya milango.

Jicho la mzee si jicho la kijana. Kioo kilicho ndani yake hugeuka manjano kadiri miaka ipitavyo, na mboni hupungua upana, hata mtu wa miaka 60 hupata kiasi cha thuluthi moja tu ya mwangaza unaoingia ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Buluu na kijani humchanganyikia. Sakafu ya vigae ving'aavyo, tunayojivunia siku hizi, yeye huiona imemwagikiwa maji. Mkeka mweusi mlangoni huuona shimo, akasimama asivuke. Mlango mweupe katika ukuta mweupe, kwake si mlango. Ndiyo maana wajuzi wa kazi hii hushauri mlango wa choo upakwe rangi iliyo mbali na ukuta, maandishi yawe makubwa na yaliyokoza juu ya ubao mwepesi usiong'aa, na kibao kishushwe chini kuliko tulivyozoea, kwa kuwa mgongo ukipinda macho hutazama chini.

Aliyepatwa na maradhi ya kusahau ana shida zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 55 wana maradhi ya aina hiyo, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri. Mtu huyo hawezi kuishika ramani ya nyumba kichwani. Asichokiona, kwake hakipo. Katika kituo cha Corinne Dolan huko Ohio, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1989, watafiti waligundua kwamba wagonjwa walikitumia choo zaidi kilipokuwa wazi machoni pao kuliko kilipofichwa kwa pazia. Kituo hicho pia kiliweka kisanduku cha kioo kando ya mlango wa chumba, ndani yake vitu vya zamani vya mwenyewe, apate kujua kwamba hapa ni kwake.

Msomaji wa Lamu atacheka akisikia hayo. Kisanduku hicho ni nini kama si kidaka? Nyumba zetu za mawe zilikuwa na zidaka ukutani, vyombo vya bibi vikawekwa humo, na hakuna aliyehitaji kuuliza chumba kile ni cha nani. Daka la mlangoni nalo lilikuwa na kazi kubwa kuliko kukalia tu. Mtu atokaye katika jua kali la saa saba mchana hapofuki ghafla akiingia gizani, hupita kwanza penye kivuli, macho yakapata kuzoea. Jicho la mzee huchukua muda mrefu zaidi kuzoea, na leo twamtoa juani moja kwa moja hadi kwenye ukumbi wa taa hafifu kisha twashangaa akijikwaa.

Hata nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ile ya Majengo, ina somo. Mwaka 2009 Gesine Marquardt na mwenzake walichapisha uchunguzi wa makao 30 ya wazee nchini Ujerumani. Waliona kwamba wenye maradhi ya kusahau hupata njia vyema pale ukumbi unaponyooka bila kupinda, wakazi wakiwa wachache, na mahali pa kula na kuzungumza pakiwa pamoja. Sasa tazama nyumba yetu: baraza mbele, ukumbi ulionyooka katikati, vyumba kulia na kushoto, na mwisho wake mwanga wa uani penye jiko na choo. Aingiaye mlangoni huona mbele yake mpaka nyuma. Nyumba hizo twazibomoa kila mwaka kujenga maghorofa yenye kona nne kabla ya kufika chumbani.

Nisieleweke kwamba nataka wazee warudishwe katika kila kilicho cha kale. Kizingiti kirefu cha mlango wa nakshi kimewavunja nyonga watu wengi, ngazi za nyumba za mawe ni za kupandia vijana, na choo cha kuchuchumaa bila pa kushika ni adhabu kwa mwenye magoti mabovu. Kinachofaa kuchukuliwa ni mpango wake wa kumwongoza mtu, vizingiti vibaki makumbusho.

Hapo ndipo linapotokea jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitusaidii. Wao husema kila kitu kionekane tokea mtu alipo. Sisi desturi yetu yataka sitara. Bibi kizee aliyejistiri maisha yake yote hawezi kuketi bila buibui katika ukumbi unaotazamwa na kila mgeni apitaye. Nimeona watu wakilitatua hilo kwa kutia mapazia kila mahali, na kwa kufanya hivyo wakamficha mzee choo chake mwenyewe. Kwa maoni yangu sitara iwekwe mara moja tu, langoni: ukuta mmoja wa kuzuia macho ya mgeni anapoingia upande wa wanawake, kama zilivyofanya nyumba zetu za zamani. Ukishaupita ukuta huo, ndani kuwe wazi, ua katikati na milango yote ikiutazama. Wanaume nao wapewe baraza halisi inayotazama njia, yenye viti vya kuegemea mkono na deli ya kahawa, badala ya meza ya karani na askari aliye nyuma ya kioo. Mtu akikaribishwa na baraza hujua amefika nyumbani kwa watu.

Tuje kwenye vibao. Vingi huandikwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, mahali ambapo nusu ya wenyeji hawakusoma Kiingereza. Lakini hata Kiswahili cha herufi za Kirumi hakitoshi. Wapo mabibi waliosomeshwa chuoni tu, hawakupelekwa skuli. Qurani waisoma vizuri, na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu wakifahamu, ilhali sisi huwaita wasiojua kusoma. Kibao chenye maandishi yote mawili, moja juu na jingine chini, hakizidi gharama ya kibao cha maandishi moja. Kitamfikisha bibi jikoni, na tena kitamwambia kwamba elimu yake yahesabiwa.

Picha nazo zataka akili. Kile kisanamu cha mtu wa suruali na cha mtu wa gauni, kinachobandikwa katika milango ya vyoo ulimwengu mzima, kitamchanganya mzee wetu. Aliyevaa kanzu, au msuli wake wa nyumbani, aingie mlango upi? Kisha wapo wasiopenda picha za viumbe ndani ya nyumba, hasa karibu na penye kuswalia. Chora birika kwa choo, sinia kwa chumba cha kulia, tasbihi kwa chumba cha sala. Na maneno yachaguliwe kwa uangalifu. Sisi twasema msalani kwa adabu, lakini msala ni mkeka wa kuswalia pia. Kibao kilichoandikwa neno hilo peke yake kimewapa wazee fumbo, na fumbo hili si la kuchekesha kwa mwenye haraka.

Kwa kibla tuna bahati. Tokea Mombasa, Makka iko kaskazini karibu sawasawa, na kwa hiyo anayechora jengo anaweza kuufanya ukumbi wenyewe uelekee kibla, mzee asimame mlangoni mwake akijua upande wa kusali bila kuuliza. Vyoo navyo vikae mashariki na magharibi, visiielekee kibla wala kuipa mgongo. Mahali pa kutawadhia pawe na kiti, sakafu isiyoteleza, na bomba la kuzungusha kwa mkono, kwani bomba la kisasa linalotoa maji lenyewe humfanya mzee asimame akilitazama akidhani maji yamekatika. Adhana isikike vyumbani. Kwa aliyesahau saa na siku, sauti hiyo humpangia siku yake.

Wasemao kwamba haya ni makuu wakumbuke kijiji cha Hogeweyk, kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Weesp, karibu na Amsterdam, kwa wenye maradhi ya kusahau. Waholanzi waligawa nyumba zake kwa namna ya maisha ambayo watu walikuwa wameyazoea, na miongoni mwazo walitenga zilizopambwa na kupikiwa kwa desturi za Indonesia, kwa ajili ya wazee waliotoka huko enzi za ukoloni.

Kamati ya msikiti au ya jamaa itakayo kuanza haihitaji mjuzi kutoka ng'ambo. Imwombe mzee mmoja alale usiku mmoja katika jengo, na saa nane aamke aende msalani asiulize mtu. Wao wakae pembeni na kuhesabu ni milango mingapi aliifungua kabla ya kufika.