Punda Mgeni Nyumbani



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya haki za jirani, za yatima na za mke. Mwezi huu twaomba ruhusa tumtaje mgeni aliyeingia nyumbani mwetu hapa Marangu, ambaye ulimi wa kujitetea hana. Kosa tulilomkosea tulilifanya mbele ya watoto wetu wa chuoni, basi haitupendezi kulificha.

Wanaoijua nchi ya Uchagani wanafahamu kuwa ng'ombe wetu hawaendi malishoni. Vihamba ni vidogo, migomba na mibuni imejaa hata mlangoni, kwa hiyo ng'ombe hufungwa bandani akaletewa chakula chake. Majani na mabua ya mahindi hutoka mashamba ya tambarare, huko chini upande wa Himo, na mwenye kuyapandisha aghalabu ni mwanamke, kwa kichwa chake. Mwenzetu wa nyumbani ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20. Mwaka jana mgongo ukamshinda. Tabibu akamwambia wazi kwamba akiendelea kujitwika hatapata kusimama sawasawa tena. Tukauza mbuzi watatu, tukashuka mnadani, tukarudi na punda jike aliyetoka kwa mzee mmoja wa Kimasai, masikio yake yamekatwa alama ya mwenyewe wa kwanza.

Watoto wa chuo walifurahi kupita kiasi. Wameihifadhi Suratul Adiyat, ambayo yaanza kwa kuapia farasi waendao mbio vitani, wala hapana hata mmoja wao aliyepata kumwona farasi. Maana farasi katika mkoa wetu ni wachache, nao wako zaidi kwenye mashamba ya magharibi ya Kilimanjaro, ambako watalii hupandishwa juu yao. Kijana mmoja akauliza, "Maalim, huyu ndiye Adiyat?" Toka siku hiyo wakamwita Adia. Tulitaka kuwakataza, kisha tukakumbuka kwamba adia kwa Kiswahili chetu ni zawadi, tukanyamaza.

Alifika Ijumaa, Jumapili tukamtwika. Hakutujua sisi, wala njia, wala harufu ya maji yetu, nasi tulimtaka afanye kazi kama aliyezaliwa kwetu. Kati ya nyumba yetu na barabara pana mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na wazee kuleta maji ya mtoni vihambani, na juu yake pamelazwa ubao. Adia alifika hapo akasimama. Tukamvuta hatamu, hakwenda, tukamsukuma, hakwenda. Watoto walikuwa wametuzunguka, na mtu aliyekaa chuoni miaka 30 na fimbo mkononi hapendi kushindwa mbele ya wanafunzi wake. Tukampiga mara tatu kwa nguvu. Akageuka ghafla, shogi ikapinduka, mabua yakaingia mfongoni na maji yakayachukua kuelekea kwa jirani. Mwenzetu, ambaye alikwisha katazwa kubeba, aliinama akaokota yaliyosalia, akajitwika, akaenda zake bila ya kusema neno.

Jioni tulipomvua matandiko tuliona kidonda cha zamani, upana wa kiganja, kilichofunguliwa upya na fundo la kamba ya katani. Tulimnunua pasipo kumfunua mgongo. Na yeye siku nzima hakulia wala hakuchechemea, kwani punda ni mnyama anayeficha maumivu yake. Mwituni anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza.

Kwa hakika lugha yetu imemdhulumu punda. Twasema punda afe mzigo wa bwana ufike. Twasema shukrani ya punda ni mateke. Walakini wanaowachunguza wanyama hawa wanaeleza jambo ambalo lingalituokoa siku ile: farasi akiogopa hukimbia, lakini punda akiogopa aghalabu husimama. Asili yake ni majangwa ya Pembe ya Afrika, nchi ya mawe, ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Basi yeye husimama, akatazama, akapima. Ubao wetu ulikuwa ukitikisika, na chini yake maji yakimetameta. Adia alikuwa akipima, nasi tukaita ukaidi.

Kosa hili si letu peke yetu wala si la leo. Mwaka 1866 Dr. Livingstone alishuka Mikindani na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu wa mizigo na punda, akitaka kujua kama wanyama hao wataweza kuwastahimili mbung'o wa bara. (Mbung'o walikuwa sababu moja kubwa ya mizigo ya misafara kuchukuliwa kwa vichwa vya wapagazi.) Wanyama wake wengi wakafa, lakini yeye mwenyewe aliwalaumu askari wa Kihindi aliofuatana nao kwa kuwapiga na kuwatwika kupita kiasi, hata jaribio zima likaharibika, isijulikane sawasawa kama kilichoua ni mbung'o au ni fimbo. Sisi wa mlimani, kwenye baridi, mbung'o hatunaye. Basi udhuru huo hatuna.

Bwana mifugo alikuja, akakisafisha kidonda, akamdunga sindano ya pepopunda, maradhi ambayo hata jina lake lamtaja mnyama huyu, naye huyapata upesi kwa jeraha lililopuuzwa. Akatuamuru asitwikwe hata ukuni mmoja mpaka ngozi mpya ifunge. Siku hizo zote mabua tuliyapandisha sisi wenyewe kwa kichwa, na majirani wakacheka kuwa Maalim amenunua punda, naye Maalim ndiye abebaye. Wacheke tu. Kabla ya kufika nusu ya mlima siku ya kwanza tulikwisha jua ni kitu gani mwenzetu alichokuwa akikibeba miaka yote hiyo.

Kumrudisha Adia kwetu kulikuwa kazi ndefu kuliko kuponya mgongo wake. Wiki ya kwanza kila tulipokaribia alikwenda pembeni mwa zizi akatugeuzia mgongo. Basi baada ya Alasiri tukawa twachukua kigoda, twakaa ndani ya zizi, twadurusu juzuu yetu kwa sauti ya chini, bila ya kumwita wala kumtazama. Siku ya tisa alikuja kuinusa kofia. Siku ya kumi na mbili akakubali kukunwa mabegani. Mkono uliomwendea usoni hakuutaka kabisa, na sababu tuliijua: moja katika mapigo yale matatu lilimpata shavuni. Nasi ndio tunaowasomesha watoto jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomlaani mtu aliyemtia punda chapa usoni. Siku moja chuoni tuliinua mkono kuonyesha herufi kwenye ubao wa kuandikia, na mtoto wa mstari wa mbele akafumba macho kwa namna ile ile ya Adia. Jambo hilo halijatutoka moyoni mpaka leo.

Baadaye tukamzoeza hatamu, kuvikwa na kuvuliwa papo hapo, bila ya kazi. Kisha kuinua kwato moja moja. Kisha shogi tupu, juu ya matandiko mapya yenye uwazi katikati ili yasilale juu ya uti wa mgongo. Kila hatua alipokataa tulirudi hatua moja nyuma. Zilipita siku 40 kabla hajachukua mabua ya kwanza, nayo yalikuwa machache kiasi cha kuchekesha.

Wenye kutaka kufuga punda huku mlimani wajue pia kwamba Marangu si nchi ya punda kwa asili. Mvua ni nyingi, na manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Kwato zake ziliumbwa kwa nchi kavu, na katika tope la masika hulainika zikaoza. Kwa hiyo ampate paa na sakafu kavu kabla ya jambo lolote. Jirani mwema alituletea majani mabichi tele, kama ya ng'ombe wa maziwa. Tukamshukuru, tukampa ng'ombe. Punda hutosheka na majani makavu na mabua, na akilishwa vinono mno hunenepa, akapata maradhi ya kwato yanayomlemaza. Mzigo wake usizidi thuluthi ya uzito wake, na kwenye mpando kama wetu upunguzwe tena. Ndugu zetu wa Lamu, ambao vichochoro vyao havipiti gari, wana hospitali ya punda tangu mwaka 1987. Sisi tuna bwana mifugo, na macho yetu.

Tena alindwe usiku. Huko China ngozi ya punda huchemshwa ikatolewa gundi ya kutengenezea dawa iitwayo ejiao, na kwa tamaa hiyo punda wengi wa Afrika wamechinjwa, na wengine wameibwa mazizini. Punda jike huchukua mimba kiasi cha mwaka mzima, akazaa mmoja. Hesabu hiyo haiwezi kushindana na kisu. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, walikubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Laiti kila kijiji kingaliisikia habari hiyo, kwani punda akikosekana mzigo haukosekani. Warudi pale pale kichwani mwa mwanamke.

Ulibaki ule ubao. Tulipigilia wa pili kando yake, tukatandaza udongo juu, na bado Adia hakukubali. Ndipo rafiki yetu wa Mwika akatuazima punda wake mzee kwa wiki moja. Punda si mnyama wa kukaa peke yake, na kwa siku mbili tatu hao wawili walisimama shingo kwa shingo tu, tukawaacha. Siku ya nne mwenzetu alimwongoza yule mzee akavuka. Adia akabaki ng'ambo ya huku, masikio yamesimama. Watoto walitaka kumsukuma, tukawaambia wakae chini. Tulikaa sote kwenye nyasi, muda wa kusoma Yasini kwa utulivu na kubakisha. Akanusa ubao, akaweka mguu, akautoa, akauweka tena, akavuka.

Sasa yule mzee amerudi kwao Mwika, nasi tunaweka akiba ya kumnunulia Adia mwenziwe. Huongozwa na mwenzetu, mikono mitupu, na mabua hupanda mara mbili kwa wiki. Siku za mvua, maji yakijaa mfongoni, bado hakubali kukanyaga ubao, nasi twazunguka naye kwa daraja la barabarani.