Kupumzika Nako ni Mazoezi

Nilipokuwa shuleni nilijichosha kwa mazoezi hata siku ya mashindano nikaanguka njiani. Laiti ningalijua habari za Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari huko London! Mwezi wa Aprili, 1954, alikuwa akikimbia yadi 440 mara kumi, kila mara kwa sekunde 61, wala hakuweza kupunguza. Basi akaziacha mbio siku chache, akaenda Scotland kupanda milima. Aliporudi, akakimbia kwa sekunde 59. Tarehe 6 Mei, mjini Oxford, akamaliza maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, hakuna aliyemtangulia kukimbia maili kwa muda usiofika dakika 4. Vijana, hata shamba hupumzishwa lipate kuzaa.