Nimonia ya hospitalini: kosa la jina, gharama ya dawa

Usugu wa bakteria dhidi ya dawa hulaumiwa zaidi kwenye maduka ya dawa. Hata hivyo, sehemu ya tatizo huanzia wodini, pale nimonia inapopewa jina lisilo lake.

Nimonia inayojitokeza saa 48 au zaidi baada ya mgonjwa kulazwa, ambayo hakuja nayo, huhesabiwa kuwa ya hospitalini. Ikijitokeza zaidi ya saa 48 baada ya kuwekewa mpira wa kupumulia, huhusishwa na mashine. Ile aliyokuja nayo ni ya uraiani.

Tofauti hiyo si ya makaratasi tu. Bakteria wa wodini mara nyingi ni sugu, hivyo matibabu huhitaji dawa kali zaidi.

Mwaka 2005, mwongozo wa Marekani uliongeza kundi la watu walio karibu na huduma za afya, wakiwemo wanaosafishwa damu na wakazi wa makao ya wazee. Tafiti zilibaini kuwa kundi hilo halikutabiri vyema nani ana bakteria sugu, ilhali wengi walipewa dawa kali bila sababu. Mwaka 2016 likaondolewa kwenye mwongozo wa nimonia ya hospitalini.

Kwa hospitali zetu zisizo na maabara ya kuotesha makohozi, funzo ni zito zaidi: daktari hukadiria kwa dalili na eksirei. Kuandika saa ya kulazwa kwenye faili hakuhitaji mashine, lakini hupunguza kubahatisha.